Maneno ya Lucia Yanarudi

Hadiya alipanga kadi za picha juu ya shuka: jokofu, piano, mwavuli. Lucia, mama wa makamo kutoka tambarare za Hanang, alizitazama kwa adabu, kisha akageukia dirisha. Tangu agongwe na pikipiki na kuumia kichwa, hakuwa ametamka neno. Hadiya, binti wa wenye duka la vitenge Katesh, alikuwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo ya tiba ya usemi, na kadi zile alizipenda kwa kuwa zilikuwa mpya.

“Piano ameiona wapi huyu?” Msimamizi wake, Loveness, alimcheka. “Mletee vya kwao. Sisi hatugawi maneno, tunamrudishia mtu yake.”

Kesho yake Hadiya alileta maziwa mgando ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Lucia alikinusa, machozi yakamtoka.

“Kibuyu,” akasema, na mikunjo ya uso wake ikatoweka. Aliposema “ndama”, mvi zikawa nyeusi. Neno “mama” alilirudia kutwa nzima, hadi muuguzi akarekebisha umri kwenye faili na kumtafutia gauni dogo.

Zilikuwa siku tamu. Lucia aliisimulia wodi jinsi ndama walivyomlamba viganja, na jinsi mama yake alivyomwita jioni kwa kulivuta jina. Wagonjwa walikumbuka kwao wakalia. Hadiya alimkumbuka bibi yake, akawa hataki zamu iishe.

Kitandani sasa alikaa msichana wa kuchunga ndama. Ndipo habari ikafika kwamba mumewe, Yonas, anakuja kumchukua. Hadiya aliingiwa na hofu. Aliacha mengine yote akamfundisha neno moja, “sitaki”, huku akiuweka mkono wa Lucia kooni mwake ausikie mtetemo. Lucia alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Midomo ilifunguka, sauti haikuja.

“Hilo hakuwa nalo,” Loveness alisema, akaketi.

Yonas alifika na fimbo yake, mgongo umepinda. Alimtazama mkewe bila kushangaa.

“Hata walipomleta kwangu alikuwa hivihivi,” alimwambia Hadiya. “Ng'ombe nilishatoa.”

Daktari aliandika kwamba mgonjwa amepona, maana aliongea vizuri kabisa. Lucia alishuka kitandani, akainamisha kichwa mbele ya mumewe.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba,” Yonas akajibu, akamshika mkono wakaenda kuwahi basi.