Kushoto kwenye Daraja la Long Biên

Siku nne njiani kutoka Lạng Sơn, mzee Khoát hakumwacha mkewe Nhàn amalize hata bakuli moja la tambi. Hawajakaa vizuri, yeye ameshashika usukani wa baiskeli.

"Twende, mama Quyên! Hanoi naijua nje ndani. Nilikaa miaka miwili kabla sijakuoa."

"Mwaka wa arobaini huu naambiwa," Nhàn alijibu, akipuliza mchuzi. "Hebu nimeze kwanza."

Walipofika Long Biên, daraja la kuingilia mjini, Khoát hata mwendo hakupunguza. Alishika upande wa kulia, kama barabara zote za nchi ile, na pikipiki zikamjia usoni, honi juu ya honi.

"Vipofu nyie?" akafoka. "Kaeni upande wenu!"

Muuza ndizi mmoja akafunga breki, nusura amvae. "Babu, upande wetu ndio huu! Darajani hapa watu hupita kushoto, tangu mama yangu hajazaliwa. Kwani wewe mgeni?"

Khoát akaanza kuhangaika na kengele ya baiskeli, kana kwamba ndiyo iliyomponza. Kumtazama mkewe hakuthubutu.

Nhàn alikuwa bado mwanzoni mwa daraja, upande wa kushoto, gurudumu ameshalielekeza mjini.

"Rudi huku, baba Quyên," akamwita. "Leo utanifuata mimi. Mimi nilikaa miaka mitatu, kabla hujanioa."