Unga wa Vitu Kumi na Moja

Waringa alifunga mdomo kama duka siku ya maandamano. Hakuacha hata ufa wa kupitishia kijiko. Muriuki alikuwa amepiga magoti mbele yake, bakuli la njano mkononi, na alikwisha kuimba, kubembeleza, kuiga ndege, kuiga hata king'ora cha zimamoto. Mtoto alilitazama lile bakuli, akageuza uso ukutani, akaanza kulia.

"Leo Jumamosi," Khavere alisema kutoka kitandani alikokuwa akikunja nepi. "Kesho Jumapili. Halafu?"

"Atakula."

"Hivyo ndivyo ulivyosema wiki jana, Baba Waringa."

Muriuki alijipangusa uji kwenye nyusi. Mtoto alikuwa na miezi saba, na kwa wiki tatu nzima kilichokuwa kimeshuka kooni mwake ni maziwa ya mama peke yake. Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaambia wazi kwamba katika umri huu maziwa hayatoshi tena. Na Jumatatu, saa moja asubuhi, Khavere alitakiwa kiwandani, kwenye cherehani aliyokuwa ameingoja tangu kabla ya kupata mimba. Muriuki angebaki na mtoto. Kibanda chake cha kutengeneza simu kilikuwa chini ya ghorofa hiyohiyo waliyoishi, hapo mtaani Huruma, ngazi tatu tu kutoka mlangoni. Kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa mdomo wa Waringa. Khavere alikuwa ameapa kwamba hatamwacha mtoto asiyekula kutwa nzima. Akikataa hadi Jumatatu, cherehani iende kwa mwingine.

Muriuki alikuwa mtu wa kujisifu, na hakuona ubaya wowote katika hilo. Alijisifu kwa simu alizofufua, kwa mke aliyempata, na zaidi ya yote kwa binti huyu, aliyepewa jina la mama mzazi wa Muriuki kama ilivyo desturi ya kwao. Ndiyo maana alimwita Maitu, mama yangu, na ndiyo maana kila kijiko kilichotemwa kilimuuma mara mbili. Alihisi kama anayekataliwa na mama yake.

Unga ulikuwa kazi yake pia. Majirani walipomshauri aanze na wimbi tupu, alicheka. Mtoto wake ale wimbi tupu kama yatima? Alinunua wimbi, mtama, mahindi, mchele, soya, njugu, ndengu, mihogo, mbegu za maboga, mbegu za mchicha, na juu ya yote hayo akaongeza omena, dagaa wa ziwani. Nyamai wa mashine ya kusaga aliuchungulia mfuko, akaunusa, akamtazama.

"Kijana, unalisha mtoto ama unajenga?"

"Saga, mzee. Huyu atakuwa daktari."

"Atakuwa daktari akishapona," Nyamai alisema, akawasha mashine.

Uji ulitoka wa rangi ya udongo, mzito, ukinuka ziwa. Lakini si uji uliokuwa siri ya Muriuki. Siri yake ilikuwa Jumatano.

Jumatano Khavere alikuwa ameenda kiwandani kupimwa sare. Muriuki, peke yake na mtoto na bakuli, akakumbuka jinsi mama yake alivyowalea watoto watano: mtoto analazwa chali pajani, kiganja kinakunjwa kama mfereji kando ya mdomo, uji unamiminwa, akilia unaingia. Wote watano walikua. Basi akamlaza Waringa, akakunja kiganja, akamimina. Mtoto alilia, uji ukaingia, kisha kilio kikakatika ghafla. Akawa mwekundu. Macho yakamtoka. Muriuki alimgeuza kifudifudi kwenye mkono wake na kumpiga mgongoni, na sekunde hizo chache zilikuwa ndefu kuliko mwaka wowote aliowahi kuishi. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia tena, na Muriuki akalia pamoja naye. Alipiga deki sakafu, akafua nguo, akanyamaza. Tangu siku hiyo mtoto alilia kwa kuliona bakuli tu.

Mchana ule wa Jumamosi alishuka kibandani, Khavere akamfuata na mtoto mgongoni kupunga upepo. Walimkuta Okoth, fundi bomba wa jengo la pili, ameshika simu yake na bisibisi ya kuazima.

"Niaje fundi! Skrubu moja hapa imekuwa jeuri. Nataka niikomeshe."

"Weka chini!" Muriuki alimnyang'anya. "Unataka kuimaliza kichwa? Skrubu ikikataa hulazimishi, bro. Unatia tone la mafuta, unakaa, unaipa muda. Hii simu si bomba la maji taka."

"Pole, daktari wa simu."

"Sikia huyo," Khavere alisema, akimtingisha mtoto mgongoni. "Simu ya Okoth inabembelezwa. Binti yake asubuhi nzima anasukumiwa kijiko kama anapigwa msumari."

Okoth aliangua kicheko, akaona hakuna mwingine anayecheka, akakumbuka kwamba alikuwa na bomba linalomngoja mahali. Aliiacha simu, akaondoka.

Muriuki aliweka bisibisi mezani. Masikio yalimwaka. Angeweza kumjibu mkewe, majibu hayakuwahi kumwishia. Lakini Waringa alikuwa amechungulia juu ya bega la mama yake na kumtabasamia, akimwonyesha meno mawili ya chini.

"Si kijiko," alisema. "Ni mimi. Jumatano, ulipoenda kupimwa sare, nilimlaza nikamnywesha kwa kiganja. Akapaliwa. Ndipo alipoanza kuogopa bakuli."

Khavere alikaza kanga iliyomshikilia mtoto mgongoni.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu najiuliza maziwa yangu yamemharibu nini mwanangu, na wewe unajua."

"Mama alitulea hivyo."

"Na ndiyo maana mpaka leo ukiona mboga unakunja uso!"

Akageuka, akapanda ngazi. Aliporudi chini baada ya nusu saa, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia. Alikuwa amempigia muuguzi. "Amesema akae wima. Chakula kimoja kwanza, laini, tukione kama kinamkaa. Tusimtie kitu kinywani mpaka afungue mwenyewe. Na hilo bakuli nimempa Mama Kahin wa ghorofa ya nne apandie nyanya."

"Na unga?"

"Unga uliununua wewe. Utaunywa wewe."

Jumapili, baada ya ibada, Cucu mwenyewe, mama yake Muriuki, akatokea kutoka Njiru na kapu la viazi vitamu. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti kubwa, na habari za mjukuu kukataa chakula zilikuwa zimemfikia kabla hajavua viatu.

"Nipeni jina langu hapa," alisema, akitandaza leso pajani na kukunja kiganja. "Nyinyi watoto wa siku hizi mnaogopa kilio. Mleteni!"

Khavere alimtazama mumewe.

Muriuki hakuwahi kumkatalia mama yake kitu tangu azaliwe. "Maitu," alisema, "leo hapana."

"Hapana nini?"

"Kiganja. Nilikijaribu. Nusura tumpoteze."

Cucu aliikunja leso yake polepole, mara mbili, mara nne, akahamia kiti cha kona na kuanza kuchagua viazi kana kwamba kila kimoja kilikuwa kimemkosea heshima. Walivichemsha mpaka vikalegea. Chumba kizima kikanukia viazi.

Wakala. Muriuki alimkalisha Waringa wima juu ya paja lake, mgongo wa mtoto kwenye kifua chake, akaendelea kula kana kwamba hakuna mtoto. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuimba. Alihisi kichwa kile kidogo kikiinuka kila alipopeleka kiazi mdomoni, kikishuka aliposhusha mkono. Kikiinuka, kikishuka. Kisha vidole vitano vyenye mate vikamshika mkono.

Mezani kila mtu aliacha kutafuna.

"Usisogee," Khavere alinong'ona.

Waringa aliuvuta mkono wa baba yake mpaka usoni. Aliligusa tonge kwa ulimi. Akakunja uso wote, akatetemeka mabega kama aliyemwagiwa maji baridi. Muriuki alianza kurudisha mkono. Mtoto akaung'ang'ania, akapiga kelele ya hasira, hasira ya kweli, ya mtu anayeporwa.

"Huyo ni wa kwetu," Cucu alisema kutoka kona.

Khavere aliponda kipande kikombeni, akakilainisha kwa maziwa yake mpaka kikawa kama krimu. Muriuki alichota kidogo kwenye ncha ya kijiko, akakishika mbele ya mtoto, mbali kidogo, akangoja. Alingoja hata mkono ukafa ganzi. Waringa alikichunguza. Akajisogeza mbele. Akafungua mdomo.

Nusu ilirudi kidevuni. Nusu ikashuka. Akafungua tena.

"Kimoja!" Muriuki alipaza sauti.

"Nyamaza, utamtisha!" wanawake walisema pamoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakatazamana wakicheka. Cucu alisogeza kiti chake mezani. Alimtazama mjukuu akimeza kijiko cha tatu, akapangusa jicho kwa pembe ya leso. "Wewe," alimwambia mwanawe, "nilipokunywesha kwa kiganja ulinitapikia kiatu cha harusi. Sikuwahi kumwambia mtu."

Jumatatu Khavere alishuka ngazi saa kumi na mbili na nusu, akarudi mara mbili kumbusu mtoto, akaondoka mara ya tatu bila kugeuka. Saa nne Muriuki alimkalisha Waringa wima kibandani, katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo, na kikombe cha kiazi. Mtoto alikula vijiko vinne. Cha tano alikitazama, akafunga mdomo, akageuza uso. Muriuki alikuwa na cha tano tayari hewani. Alikiangalia. Kisha akakila yeye.

Alimwandikia Khavere ujumbe wa neno moja: "Vinne." Baada ya hapo akamsimulia Okoth, akamsimulia Nyamai aliyekuwa akipita, akawasimulia wateja watatu ambao hawakuuliza.

"Na ule unga wako wa ujenzi?" Nyamai aliuliza.

Muriuki alionyesha chupa ya chai kwenye rafu, akajimiminia kikombe cha uji wa rangi ya udongo. Alikuwa amebakiza kilo nne. Aliziba pua, akanywa, akakunja uso wote, akatetemeka mabega.

Waringa, kwenye kiti chake, alimtazama mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka meno yote mawili yakaonekana.