Dumu la Njano Chini ya Trela

Trela lilikuwa limeshavuka mfereji wa mbele ya geti, magurudumu yote salama, na Breki alikuwa anaingiza gia ya pili huku akipiga honi kuuaga mtaa mzima, watu wawe wanatazama au wasiwe. Miaka thelathini na mmoja aliendesha mabasi ya watu. Leo anakokota nyumba yake mwenyewe: kitanda, jiko la plati mbili, na choo. Hasa choo. Bila choo hicho mkewe, na goti lake lile bovu, asingekubali safari ya siku mbili. Alikwisha kuahirisha mara tatu kwenda kumwona dada yake, na walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa.

Leo amepanda. Ameketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani, na dumu tupu la njano la lita ishirini katikati ya miguu.

"Kanyaga mafuta, Breki," alisema. "Moyo unanidunda kama msichana anayetoroshwa."

"Nikutoroshe mara ngapi, mama watoto?"

Walikuwa bado wanacheka walipofika kwenye kona. Hapo ndipo Fundi Beseni alipoinuka kwenye kigoda chake. Mwanamke huyu aliziba ndoo, mabeseni na matangi ya mtaa wote, na sauti yake ilitosha kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mzee! Weee mzee! Nyumba yako inakojoa!"

Breki akasimama ghafla mpaka masufuria yakagonga ukuta huko nyuma. Alishuka, akachungulia chini ya trela. Tangi la choo lilikuwa linamwaga, na kiraka chake kimebanduka kizima, kinaning'inia kama gamba la kidonda.

Kiraka kilikuwa cha Breki mwenyewe, na alijua. Wiki mbili nzima alijua. Ufa ulikuwa mrefu kama shibiri, kando ya bolti aliyoikaza mwenyewe kupita kiasi. Aliupaka gundi, ikabanduka. Akapaka nyingine, ikabanduka. Ya tatu ilikuwa ile ya chupa mbili za kuchanganya. Halafu juu yake akapiga rangi nyeusi, mkewe asione.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza dirishani.

"Tone tu la maji."

"Tone!" Fundi Beseni alicheka. "Mama, mtaa wetu umepata mto."

Mkewe aliukumbatia mkoba. Kisha akasema, macho yake mbele, "Nisikilizeni. Mimi nikishuka humu, sipandi tena. Najijua. Kwa hiyo sishuki. Kivuko cha saa kumi ndicho cha mwisho kabla hawajakipeleka matengenezo mwezi mzima. Fanyeni mfanyavyo. Mimi nimekaa."

Ilikuwa saa nne na nusu. Kutoka hapo hadi kivukoni ni saa nne za barabara, ukienda vizuri. Fundi Beseni alikuwa tayari amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, miguu nje.

"Haya maji yana nini?"

"Sabuni tu. Choo hakijatumika. Nilikikalia mimi mara moja, majaribio."

"Majaribio makubwa au madogo?"

"Fundi, fanya kazi."

Walifungua koki, tangi likaisha maji. Fundi akakwangua gundi kwa kisu huku akisonya. "Nani kapaka uchafu huu?"

Breki akaikumbuka kazi yake ya kushika tochi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Breki?" mkewe aliita.

"Naam, mke wangu."

"Umesikia swali."

Fundi alichonga kipande cha tangi, chembamba kama ukucha. "Nipeni glasi ya maji." Mkewe akapitisha dirishani glasi yake ya kunywea dawa. Kipande kikatumbukizwa, kikaibuka, kikakaa juu.

"Kinaelea! Umeona, mzee? Plastiki ya hivi haishiki gundi, hata uletewe na malaika. Ingezama ningekutafutia gundi yake. Hii ni ya kuyeyusha, plastiki kwa plastiki, na lazima ziwe za ukoo mmoja. Zisipojuana, zinaachana."

Basi kazi ikaanza. Bolti ikalegezwa. Fundi akatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa, usije ukaendelea kutembea, akauchimba uwe mfereji, akaupiga msasa. Breki alivuta waya wa umeme kutoka kwa kinyozi, akiruka viti vya wateja kama kijana wa miaka ishirini. Chuma cha kulehemea kikapata moto. Tatizo likawa fito. Fito za plastiki za kuyeyushia ndani ya ufa zilikuwa zimemwishia fundi jana yake.

Wakajaribu mguu wa kiti cha plastiki kilichovunjika: ukayeyuka vizuri, ulipopoa fundi akauvuta kwa koleo, ukatoka. Mfuniko wa ndoo: ukatoka. Beseni jekundu: likatoka. Saa tano na robo.

Fundi alijifuta jasho, akainuka, macho yakaenda ndani ya gari, chini, katikati ya miguu ya mama. Breki naye akaona, akataka kumziba mdomo kabla haujafunguka.

Dumu lile ndilo lililowagombanisha mkewe na dada yake. Dada alisema lilikuwa lake, liliazimwa halikurudi. Mkewe alisema lilikuwa la kwake tangu siku ya kwanza. Maneno yakaingia ya pembeni, ya mama yao, ya nani alimuuguza marehemu na nani alikuja siku ya mwisho na miwani ya jua. Miaka kumi na tisa. Na mwaka huu mkewe alilisugua dumu kwa mchanga na ndimu, akasema, "Namrudishia. Atasemaje?"

"Mama," Fundi Beseni alisema polepole, "hilo nadhani litashika."

"Hili?"

"Nikwangue kidogo tu, nijaribu."

Alikwangua kitako, akayeyusha, akasubiri lipoe, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili mpaka trela likatikisika. Halikutoka. Breki alipiga kelele, akajishika mdomo.

"Unataka kiasi gani?" mkewe aliuliza.

"Mama, ufa ni mrefu, na nitaweka tabaka mbili. Ubavu mzima. Halitabeba maji tena."

Mkewe alilipakata dumu kama mtoto. Breki alikuja dirishani, kofia mkononi.

"Mke wangu, turudi nyumbani. Kosa ni langu. Nilijua, nikapaka rangi."

"Najua ulipaka rangi. Ulikuja kulala una kidole cheusi." Alifungua mfuniko wa dumu, akautia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akalisukuma dumu nje ya dirisha. "Kata, fundi. Kata haraka! Kama ni la kwake, basi na safari hii ni ya kwake. Na wewe, ya rangi tutazungumza kivukoni."

Hapo mikono ikakimbia. Mkasi wa kukatia bati, ukanda baada ya ukanda wa njano. Fundi akaliomba chujio la chai la trela, akakata wavu wake wa chuma, akauzamisha ukiwa wa moto kwenye plastiki ili ushike pande zote mbili, akafunika kwa njano tena. Harufu ya moshi, jasho machoni, kinyozi na wateja wake wamechuchumaa wanatoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Wakajaza tangi ndoo nne. Breki akalala chini yake, kidole kwenye kovu la njano, akasubiri. Pakavu. Akasubiri tena. Pakavu!

"Ondoka, mzee!" fundi alimpiga kofi la mgongo. "Na bolti usiiguse!"

Saa sita kasoro dakika tano trela lilipinda kona, honi ikilia, mkewe akipiga dashibodi kama ngoma.

Walipanda kivuko wakiwa gari la mwisho. Kesho yake walipofika, dada alitazama chini ya trela kwa kupiga magoti, akaona njano, akauliza, "Na mfuniko?" Akapewa. Wakakaa wiki sita. Mwaka wa pili dada alifariki. Mfuniko ulikutwa kwenye kabati lake la vyombo. Breki aliendesha miaka minne zaidi, macho yakapungua, akaliuza trela kwa mwalimu mmoja. Tangi lilipasuka tena baadaye, upande mwingine. Fundi Beseni alifungua karakana yenye mlango. Mke wa Breki alipasuliwa goti, akapona, na anaishi kwa binti yao mkubwa.