Jedwali la Tatu

Skrini mpya niliyoiandikia programu ilikuwa nzuri kuliko mimi, na mimi si haba. Ilikuwa na rangi, kitufe kikubwa cha kutafutia, na herufi ambazo Sista Alka alizisoma bila miwani. Wiki nzima nilitembea ndani ya benki yetu ya damu hapa Kolhapur kama bwana harusi. Jumanne asubuhi skrini hiyohiyo ikaandika: DAMU YA BOMBAY, HAKUNA.

"Hakuna vipi?" akauliza Kalpana, kasimama dirishani.

Mama yake alilazwa ghorofa ya juu, nyonga imevunjika, upasuaji kesho. Damu ya Bombay ni ya watu wachache mno. Ukiipima juujuu inajifanya O, lakini ukimwekea mwenye damu hiyo O ya kawaida mwili wake unaitimua. Daktari alishasema: isipopatikana mpaka jioni, mama anapelekwa Mumbai kwa gari la wagonjwa. Saa nane za barabara ya mashimo, na nyonga hiyo!

"Skrini haidanganyi, dada," nikamwambia.

Sista Alka, msimamizi wetu, akaweka chini kikombe cha chai. "Sarang, mwanangu. Skrini ya mzee Deshpande aliyekutangulia kazini ilikuwa mbaya kama sura yako ukiamka. Lakini ukiiuliza kitu, printa ilikohoa karatasi tatu. Hii yako imekohoa moja ikakata roho."

"Zile nyingine zilikuwa za kupoteza wino tu, Sista."

"Ulizisoma?"

Sikuzisoma.

Nikafungua hifadhidata. Kabla ya kustaafu, mzee aliacha humo amri iliyohifadhiwa: unaiita kwa jina mara moja, yenyewe inakurudishia majedwali matatu, moja nyuma ya jingine. La kwanza, mifuko iliyomo kwenye friji yetu. La pili, mifuko ya benki jirani. La tatu, wachangiaji wa damu adimu na simu zao. Programu yangu ilipokea la kwanza, ikalikuta tupu, ikafunga mlango. Hayo mawili yakabaki nje na zawadi zao mkononi.

Nikamweleza Sista.

"Yaani umelamba achari, ukanawa mikono, wali ukiwa bado jikoni!"

Nikajaribu kuyamimina yote matatu kwenye chombo kimoja. Ikagoma: mfuko una tarehe ya kuisha, mtu ana namba ya simu, safu hazilingani.

"Hata mtu ana tarehe ya kuisha," akasema Sista. "Yako ni leo jioni."

Basi nikatengeneza vyombo vitatu, na kila ikipokea jedwali programu iulize, "Kuna jingine?" mpaka ijibiwe hakuna. Nikabonyeza.

La kwanza, tupu. La pili, tupu. Kalpana akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

La tatu, jina moja: Hindurao Mane, mwanamieleka.

Sista alikuwa na simu sikioni kabla sijamaliza kusoma namba.

Hindurao alifika baada ya nusu saa, masikio yamejaa udongo mwekundu wa ulingoni, mikono kama nguzo za hekalu. Akaiona sindano. Akakaa.

"Ni hiyohiyo moja?"

"Moja tu, kaka."

"Basi nishike mkono, Sista. Na wewe kijana, geuka ukutani. Usiniangalie."

"Kwani mieleka unapigana na nani, mito ya kulalia?" nikauliza nikiwa nimegeuka ukutani, maana mimi ni mtiifu.

Kalpana akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari. Au alianza na machozi, sijui.

Saa kumi na moja jioni vipimo vilirudi: damu safi, na imepatana na ya mama. Sista akaubandika mfuko jina la mgonjwa, akaufungia kwenye friji. Kalpana akashuka mwenyewe mpaka langoni kumwambia dereva wa gari la wagonjwa azime injini, safari hakuna. Aliporudi akakaa kwenye benchi letu avute pumzi kidogo, akalala papo hapo, mdomo wazi. Hakuna aliyemwamsha.