Kitanda Kilichoelekezwa Kibla

Mama Cibalonza hakuvumilia kitu kilichokwenda upande. Alikuwa mwuguzi mkuu wa wodi ya wanawake katika dispensari ya misheni pale Rumonge, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, huko Kivu, na masista waliomfundisha kazi walikuwa wamemzoesha kupanga vitanda hata mtu akisimama mlangoni aone mistari iliyonyooka kama ya daftari la shule. Kila asubuhi, kabla ya kushika dawa, alisimama katikati ya wodi akasali kwa sauti. Aliamini kabisa kwamba mgonjwa ana mwili na ana roho, na kwamba mwuguzi anayehudumia kimoja na kukisahau kingine amefanya nusu ya kazi.

Juma lile la kuelekea sikukuu ya uhuru wagonjwa walikuwa wachache. Alikuwako Mama Mwavita, kiongozi wa kwaya, aliyevunjika mguu akishuka kwenye lori la samaki wa ndagala kutoka Gitaza. Alikuwako Kabibi, aliyejifungua mtoto wa kiume juma hilohilo. Na alikuwako Bibi Asiya, mfumaji wa kofia kutoka mtaa wa Waislamu, aliyeletwa akiwa na kichomi cha pafu la kushoto. Kwa huyo Mama Cibalonza alikuwa ameshukuru Mungu, maana homa ilikuwa imeshuka. Zilibaki sindano chache za penisilini na chakula cha kurudisha nguvu. Ngoma zilipojaribiwa kule uwanjani, bibi huyo alikuwa akihesabia mapigo kwa kidole juu ya shuka, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wanawake wa mtaa wake wimbo watakaouimba Jumapili kwenye sikukuu hiyo.

Basi mchana mmoja Bibi Asiya akiwa amelala fofofo, Mama Cibalonza alimtazama akaona haya. Sala za asubuhi zilikuwa za Kikristo, na mama huyu wa watu alizisikiliza kwa adabu tu. Alikuwa amewaona Waislamu wakiswali ufukweni, nyuso zao zikielekea kaskazini, upande wa Usumbura, na kuegemea kidogo milimani. Moyo ukamwambia: akiamka, na macho yake yaangukie upande anaoupenda. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akakivuta kitanda kimoja nje ya mstari, kichwa mlimani, miguu ziwani. Akamgeuza mgonjwa taratibu kwa ubavu wa kulia, ili pafu la kushoto lipate nafasi. Aliona midomo imekauka, akaidondoshea maji kwa kijiko. Kisha akaenda kuchemsha sindano, akiimba puani kwa kuridhika.

Aliporudi alidhani ameingia msibani. Mwalimu Mustafa wa madrasa, aliyekuja kumjulia mgonjwa hali, alikuwa ameketi kando ya kitanda akisoma Kurani kwa sauti ya huzuni. Kabibi alilia huku akinyonyesha. Mama Mwavita, asiyeweza kuona watu wakihuzunika bila kuimba, alikuwa ameanza wimbo wa mazishi. Na Bibi Asiya, macho makavu na uso wa utulivu mkubwa, alikuwa akiaga.

"Mwavita, ile siku nilisema sauti yako ni ya bata. Nisamehe."

"Ulisema hivyo? Lini?" Mama Mwavita alikatiza wimbo.

"Nimekufa tayari, usiniulize mengi."

"Kuna nini hapa?" Mama Cibalonza alisema, sinia ya sindano mikononi.

Mwalimu Mustafa alifunga msahafu kwa heshima. "Mama Cibalonza, mmefanya vizuri kumwandaa. Sikujua kwamba hata ninyi mwajua taratibu zetu."

"Kumwandaa kwa nini?"

"Kwa safari. Mwenzetu anapokata roho, tunamlaza ubavu wa kulia, tunamwelekeza kibla, tunamtia maji kinywani. Nilipoingia nimekuta yote tayari. Ilikuwa imebaki Yasini tu, nami nikaisoma."

Mama Cibalonza aliweka sinia chini. "Mwalimu, huyu amepona! Nimemgeuza ili apumue. Kitanda nimekielekeza kwa kumheshimu!"

Ndevu za Mwalimu Mustafa zikaanza kutikisika. Alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. "Bibi Asiya! Amka! Hufi!"

"Mwalimu, usinibembeleze," alisema Bibi Asiya bila kugeuka. "Anayekufa haambiwi. Nimewalaza hivi watu wangapi katika mtaa wetu, nikiwaambia kesho watakuwa wazima?"

"Chukua uji, nyanya," alisema Mama Cibalonza.

"Uji wa nini huko niendako?"

"Basi nikuchome sindano."

"Usinitoboe. Mwili wangu uende kama ulivyo."

Alifumba macho. Jioni ile hakula, na asubuhi yake vilevile. Hapo Mama Cibalonza akaogopa kwelikweli. Alikuwa ameona vijana wenye nguvu wakizimika kwa sababu mioyo yao ilikwisha kuondoka, na huyu alikuwa mzee aliyetoka kuugua. Homa ilikuwa imeshindwa kumwua. Sasa angeuawa na heshima aliyofanyiwa na mwuguzi wake. Mwalimu alirudi akamweleza tena na tena, kwa aya na kwa mzaha, lakini bibi hakubadili neno.

Mama Cibalonza alitazama mistari yake iliyonyooka. Akapumua kwa nguvu, akashika kitanda cha Mama Mwavita.

"Mwalimu, shika huko miguuni. Tunageuza vyote."

"Mimi pia?" Mama Mwavita alipiga kelele. "Mimi mtoto wa kanisa tangu tumboni mwa mama, leo munanilaza kama hajati wa Maka?"

"Huko iko Usumbura tu, mama. Si una dada Usumbura?"

"Ndiyo, niko naye huko."

"Mtazame dada yako."

"Dada mwenyewe hanitumii hata chumvi, ndiye nimtazame," alinung'unika Mama Mwavita, akijishikilia kitanda kikiburuzwa. Kikafuata cha Kabibi, kisha na kile kikapu alimolala mtoto. Vitanda vitupu navyo vikageuzwa, hata wodi nzima ikawa imekwenda upande kama mitumbwi iliyovutwa mchangani.

Mama Cibalonza akasimama mbele ya Bibi Asiya, jasho likimtiririka. "Nyanya, fumbua macho. Kama kitanda hiki ni cha kufa, basi tunakufa wote. Mwavita na mguu wake. Kabibi. Hata huyu aliyezaliwa juzi."

Bibi Asiya alifumbua jicho moja. Alimwona kiongozi wa kwaya amelala ubavu wa kulia kama maiti wa Kiislamu, midomo imebenuka kwa hasira. Tumbo la bibi likaanza kutetemeka chini ya shuka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, hata Mwalimu akamshika mabega.

"Mwavita, umependeza," alisema alipopata pumzi. "Kasoro sanda."

"Nawe kasoro akili!"

Kicheko kilipotulia, Mama Cibalonza akaketi kando yake, jambo lililokatazwa na masista. "Nyanya, nimekukosea. Nilifanya bila kukuuliza. Sasa nakuuliza: wewe na Mungu wako, mnahitaji nini kutoka kwangu?"

Bibi Asiya alijiinua kwa kiwiko. "Tangu nimeingia hapa sijaswali, mama munganga. Nimeona haya kuomba maji ya kutawadhia kwa watu wa misheni. Mtu asiyeswali, ukimwelekeza kibla, atafikiri nini tena?"

Mama Cibalonza mwenyewe alileta maji ya vuguvugu na beseni. Alimimina, na bibi akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Miguu akaoshwa na mwuguzi aliyepiga magoti. Wakamfunika kanga safi, wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, akaswali kwa kuketi. Mama Mwavita aliuzuia mdomo wake mpaka mwisho, kazi ambayo haikuwa ndogo kwake. Kifua cha bibi kilipanda na kushuka vizuri kuliko siku zote.

Alipomaliza aligeuza uso kulia, kisha kushoto, akanusa.

"Ule uji uko wapi?"

Alikunywa bakuli zima, akalalamika kwamba umekosa chumvi, akadai jingine. Huko uwanjani ngoma zilianza, naye akatikisa kichwa: wanawake wa mtaa wake walikuwa wakikimbiza wimbo, na Jumapili ingemlazimu asimame mbele yao mwenyewe.

Mama Cibalonza alikuja na sindano, macho yake yaking'aa.

"Haya, choma, mama munganga," alisema Bibi Asiya. "Lakini leo uniambie kwanza: utanigeuza upande gani?"