Tamthilia ya Mdogo Wangu

Mume wangu hajui kusifu. Siku ya harusi yetu, dada zake walimvuta pembeni wakamwuliza bibi harusi anaonekanaje. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akafikiri, akasema, "Amependeza kiasi." Walicheka wakidhani anatania. Mimi nilikuwa nimeshamjua, kwa hiyo nilishukuru. Kwake yeye "kiasi" ni neno zito.

Kwa miaka kumi na tisa sasa, kila Jumatano, anaandika gazetini kuhusu tamthilia mpya za televisheni. Wasomaji wamempa jina la Bwana Vuguvugu, kwa sababu hachomi wala hapoozi. "Inatazamika." "Haichoshi sana." "Waigizaji wamejitahidi, na kamera nayo imejitahidi kuwafuata." Ukimlaumu anakujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami humwambia kwamba mgema asiyesifiwa hata siku moja huteremka mtini akaenda zake kuuza soksi.

Yote hayo yalikuwa utani wa nyumbani, mpaka mdogo wangu alipotengeneza tamthilia.

Huyu mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu, na nimemlea mimi. Mama alifariki yeye akiwa na miaka sita na mimi kumi na saba, na baba alikuwa mtu wa kazi za mbali. Nilimwosha, nikampeleka shule, nikamchapa, nikambembeleza. Sasa ana ndevu. Baada ya miaka minane ya kubeba nyaya na taa za watu wengine, hatimaye aliandika na kuongoza tamthilia yake mwenyewe, sehemu kumi za saa moja moja. Kituo kilimwambia waziwazi kwamba Ijumaa meneja wa vipindi ataamua kama kutakuwa na msimu wa pili au ndiyo basi. Na meneja huyo, kila mtu anajua, husoma safu ya mume wangu kabla hajavua koti.

Basi nikamwendea mume wangu kwa sauti ile ninayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi watukutu.

"Mwenzangu, nakuomba neno moja tamu. Moja tu. Hata ukiliweka mwishoni."

"Nitaitazama," akasema.

"Sijakuuliza kama utaitazama."

"Ndiyo kazi yenyewe, mke wangu. Kutazama."

Anavyotazama yeye, ukimwona utamhurumia. Hufunga mapazia mchana kweupe, huketi kwenye kiti kigumu ili asisinzie, na daftari la shule huwa gotini. Kila sehemu huitazama mara mbili, na mara ya pili huzima sauti. Anasema anataka kujua kama nyuso zinasema kitu au ni midomo tu. Mimi wiki ile nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Sehemu ya kwanza niliitazama yote. Ya pili usingizi ulinishinda. Ya tatu nilipita nikiwa na beseni la nguo, nikaona watu wanagombana mahakamani, nikaenda kuanika.

Jumatano gazeti likatoka. "Tamthilia hii inatazamika," aliandika. "Sehemu ya nne na ya tano zinazunguka palepale, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Wakili anaongea mno, na muziki unalia kabla ya watu kulia. Mwandishi anaijua nyumba, ila mahakama haijui. Akipewa nafasi nyingine, na arudi nyumbani."

Nilimnunia. Nilimpakulia chakula bila kumsemesha, na alipoomba chumvi niliisukuma kwa kidole kimoja. Kwenye kundi la ukoo simuni walikuwa wanamchuna ngozi. Shangazi aliandika kwamba damu ni nzito kuliko maji, lakini kumbe wino ni mzito kuliko vyote. Binamu zetu waliandika kwamba ni tamthilia ya karne. Na mimi, ili kuziba pengo la mume wangu, nilimwaga sifa kuliko wote: "Mdogo wangu, nimeitazama yote, nimelia, ni tamu mno, Mungu akuzidishie."

Alhamisi jioni mdogo wangu akaja, gazeti kwapani. Nilijua leo ni leo. Nilimtengea kiti mbali na mume wangu kwa makusudi. Akamwamkia shemeji yake vizuri, kisha akaja akaketi karibu yangu.

"Dada, uliitazama yote?"

"Yote."

"Yule mama mwenye duka la vitambaa, ulimwonaje?"

"Wee! Yule mama kaigiza bwana. Kaigiza mpaka basi."

"Na pale alipokufa, sehemu ya saba?"

"Usiniambie! Nililia mpaka kwikwi."

"Hafi, dada. Yupo mpaka mwisho. Ndiye anayefunga mlango."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata uani. Miaka ishirini nimekuwa nikiwapa sifuri wanafunzi wanaoeleza kitabu wasichokisoma, na leo nilikuwa nimeketi kwenye kochi langu mwenyewe na sifuri yangu. Nikaanza kusema habari za mitihani, za kufua, za macho kuchoka. Nilitamani anikasirikie. Alicheka tu, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Usijali. Shangazi naye alilia. Binamu wote walilia. Tangu jana nimeshamzika yule mama mara sita."

Kisha akamgeukia mume wangu. "Shemeji, umeandika sehemu ya nne inazunguka. Inazunguka wapi?"

Mume wangu, ambaye muda wote huo alikuwa anajifanya kusoma maandishi ya kwenye kopo la maziwa, akaenda chumbani akarudi na daftari. "Nimekuandikia na dakika," akasema. Wakapiga magoti pale kwenye meza ndogo kama watoto wanaocheza gololi.

"Huyu wakili hapa hana kazi. Mtoe."

"Nikimtoa, nani atamwambia binti habari za kiwanja?"

"Mama wa duka. Anajua tayari. Nilizima sauti, nikaona usoni kwake anajua."

Mdogo wangu aliandika, akafuta, akaandika tena. Walibishana karibu saa mbili. Nilileta vikombe nikaviondoa, hakuna aliyeniona. Alipoinuka aliushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, wiki nzima nasifiwa, na sikupata hata sentensi moja ya kufanyia kazi. Wewe umenipa saa ishirini za maisha yako. Asante."

Mume wangu kupokea shukrani hajui pia. "Si kwamba ilikuwa mbaya," akajibu, akatafuta viatu vya kwenda kumsindikiza.

Ijumaa saa sita mdogo wangu akanipigia simu nikiwa chumba cha walimu. Meneja alikuwa na gazeti mezani, na sentensi moja ameipigia mstari. Alimwambia mdogo wangu kwamba katika miaka yote ya kumsoma Bwana Vuguvugu hajawahi kuona ameandika "akipewa nafasi nyingine". Akamwuliza atafanya nini na hiyo nafasi, na mdogo wangu akafungua maandishi yake ya Alhamisi. Akapewa msimu wa pili. Sehemu sita, si kumi, na wakili asirudi. Nilipiga kigelegele mpaka mwalimu mkuu akachungulia.

Jioni ile nilimpakulia mume wangu chakula, nikamwekea na chumvi mwenyewe. Asubuhi ya Jumamosi nikamwambia, "Nianzishie ile tamthilia. Kuanzia mwanzo." Hakusema "nilikwambia". Alivuta mapazia, akaniletea kiti kigumu.

Tulitazama Jumamosi na Jumapili. Ni kweli sehemu ya nne inazunguka. Ni kweli wakili anaongea mno, ningemtoa darasani mapema. Lakini yule mama wa duka nilimpenda kwa haki safari hii, bila kumwua.

Jumapili mchana tukafika sehemu ya tisa. Mama wa duka anakumbuka ujana wake. Msichana wa sare ya shule yuko jikoni, peke yake. Chumba cha pili mdogo wake anakula mkate na chai, kikombe kimoja, kwa sababu chai ilitosha kikombe kimoja tu. Msichana anachukua kikombe kitupu, anaweka kijiko, anaanza kukoroga. Anakoroga taratibu, kwa muda mrefu, uso ameuelekeza mlangoni, ili mdogo wake asikie, adhani dada naye anakunywa, ale kwa amani.

Mume wangu akainama sikioni mwangu. "Hapa niliona ni parefu kidogo."

"Si parefu," nikamwambia. "Ndivyo ilivyokuwa."

Alinigeukia. Jambo lile sikuwahi kumsimulia mtu, hata yeye, kwa sababu niliona ni aibu yangu na kikombe changu. Akachukua rimoti akasimamisha picha. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akakata mstari mmoja kwa kalamu, kisha akanipa kitambaa chake.

Nililia, na safari hii nilikuwa na sababu. Nilimshukuru Mungu kwa mume niliye naye, kwani angenikubalia ombi langu la neno tamu, sote tungebaki tunamwaga sifa na mdogo wangu asingekuja kuniuliza swali lolote. Ningekufa nimeisifia zawadi yangu mwenyewe bila kuifungua. Nikampigia mdogo wangu simu.

"Nimefika sehemu ya tisa," nikasema.

Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu: "Umeona nini?"

"Kijiko." Nikajifuta kwa kitambaa. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Dada, kikombe chenye chai hakilii vile," akasema. "Kwa nini unadhani kila siku nilikuwa nabakiza nusu ya mkate?"

Nami nilikuwa nikimgombeza kwa kuchezea chakula.