Somo la Mate

Tangu Korona iingie Goma, Habineza wa Kibati, pale mji unapoishia na mashamba yanapoanza, alikuwa mtu mkubwa. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe. Alikuwa mkulima wa maharage tu, hadi kituo cha afya kilipomchagua kuwa mhamasishaji, kikampa kizibao cha buluu na kipaza sauti. Kuanzia hapo hata jembe hakulishika bila kizibao.

Alipita nyumba kwa nyumba: naweni mikono, msipeane mikono, na zaidi ya yote, acheni kunywa kasiksi kwa mrija mmoja. Watu walimtii kwa namna yao. Jumapili kila mtu alikuja na mrija wake, wote wakaichomeka kwenye chungu kilekile cha pombe ya ndizi. Habineza aliuita ushindi. Yeye mwenyewe, kwa jirani yake Achille, alikuwa akipokezana mrija mmoja kama zamani, maana jirani si umati. Mganga hajigangi.

Mwezi wa kumi na mbili wakaja wakwe. Byiringiro alitoka Rutshuru kumposea kijana wake binti wa Habineza, Laurence. Desturi inajulikana: baba wa kijana hunywa kwanza, kisha humpa baba wa binti mrija uleule. Akinywa, undugu umeingia. Akiukataa, ni kama amesema una sumu.

Byiringiro akanywa, akaupangusa mrija kwa kiganja, akautoa kwa mikono miwili. Ua lilikuwa limejaa watu, na Habineza alikuwa amevaa kizibao. Akasimama, akatoa somo la mate. Lilikuwa somo refu, lenye mifano. Alipomaliza, Byiringiro alikuwa ameshashika njia.

Laurence hakumsemesha baba yake miezi mitano. Chakula alimwekea, salamu hapana. Habineza alimpenda mtoto huyo kuliko kizibao, ingawa mwaka ule mtu asingejua.

Mwezi wa tano volkano ikapasuka. Lava ikameza shamba la maharage, na familia ikakimbia kwa miguu kuelekea Rutshuru, njia ileile waliyoijia zamani walipokuwa wakiwakimbia waasi. Njiani bidoni moja ya maji ilipita mdomo hadi mdomo. Habineza alikunywa nyuma ya mzee aliyekuwa akikohoa, kisha akaomba tena. Somo halikumjia kichwani hata kidogo.

Rutshuru walijua mlango mmoja tu. Byiringiro mwenyewe aliwafungulia. Habineza akanyoosha mkono, ukabaki hewani.

"Nawa kwanza, Papa Laurence," alisema Byiringiro, akimwonyesha bidoni iliyoning'inia langoni na sabuni iliyofungwa kwa kamba.

Ndani walipewa kasiksi, kila mmoja kikombe chake. Habineza aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Muzee, leta murija," alisema. "Leo nitakunywa nyuma yako."

"Hapa murija ilishaisha. Kila mutu na kikombe yake."

"Basi unisamehe. Ile siku sikuogopa mate yako. Nilitaka batu banione."

"Najua." Byiringiro alikitazama kikombe chake. "Lakini ulisema kweli. Nilikuwa nakohoa. Nikarudi na hasira, nikasema huyu hawezi kunifundisha kunywa. Nikakunywa murija moja na mama yangu kila siku, juu ya kukuonyesha tu. Mama Nyirakamana tulimuzika mwezi ule."

Habineza, mtu wa kipaza sauti, aliweka kikombe chake chini. Laurence, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, aliinamisha kichwa.

"Laurence ataolewa hapa, yeye hana kosa," Byiringiro aliendelea. Kisha akamgeukia Habineza, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Lakini ungeniita pembeni, Papa Laurence. Ungeniita tu pembeni, ningesikia."